Mwaka Ule Bwana Alipaa Mara Mbili

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumatano. Maziwa yalikuwa yameisha, na kwa kuwa kila mmoja alimngoja mwenzake aende dukani, wakanywa chai kavu. Mke alikaa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, bado hajaikanyaga. Mume alikuwa kwenye kigoda mlangoni, kiatu cha mtu mapajani, akikwangua gundi ya zamani kwenye soli.

Ukutani, juu ya cherehani, ulining'inia utepe wa kupimia nguo. Kila mwaka, Jumapili ya Pasaka, yule mama alichomeka pini kwenye namba moja, na kila asubuhi akaisogeza namba moja mbele. Asubuhi hiyo pini ilikuwa kwenye thelathini na tisa. Mumewe hakusoma shule. Namba alizijua kwa viatu. Thelathini na tisa ni mguu wa mwanamke. Arobaini ni mguu wa kijana anayevunja sauti. Kesho yake pini ingefika arobaini, siku aliyopaa Bwana mbinguni, na siku hiyo ni Alhamisi, hata kama kanisa lilikuwa limeshaacha kuihesabu.

“Kesho,” mke alisema.

“Kesho,” mume akaitikia.

“Usinifuate.”

“Nimewahi kukufuata?”

“Hujawahi. Wewe kazi yako kungoja.”

Mume akainamisha kichwa akaendelea kukwangua. Cherehani ikaanza kulia. Walikuwa wameshazoea. Watu wakikaa muda mrefu na mwiba mguuni hujifunza kukanyagia upande.

Mke alimwita mumewe Mlinzi. Majirani walidhani ni utani, kwa kuwa mzee hakutoka sana, kazi yake ilikuwa pale pale mlangoni. Jina hilo lilikuwa na miaka arobaini na moja. Kabla yake alimwita baba mtoto. Na kwa miaka hiyo yote yule mwanamume alingoja neno moja tu kutoka kwa mkewe, kwamba amemsamehe. Alilingoja akipakuliwa chakula, alilingoja akipewa shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Chakula kilikuja kila siku, cha moto. Shati lilikuja. Alikuja mtoto wa pili, wa kiume, ambaye sasa ni fundi umeme na ana mke wake. Neno halikuja.

Ilikuwa hivi.

Zamani hizo sikukuu za amri hazikuwa mchezo. Jumapili ni lazima, na sikukuu hizo ni lazima vilevile, hata zikiangukia siku ya kazi. Kukosa misa bila sababu nzito ni dhambi ya mauti, na ukifa nayo unajua unakokwenda. Katekista wa parokia yao, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, alikuwa na daftari. Asiyeonekana sikukuuni aliandikwa, na Jumapili inayofuata alisomwa mbele ya watu wote.

Mwaka mmoja kabla, fundi viatu alisomwa. Alikuwa amebaki nyumbani sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria akimalizia viatu vya bwana harusi.

“Fundi viatu,” katekista alisoma. “Kupalizwa. Hakuonekana.”

Kanisa zima likageuka kumtazama, bwana harusi naye akageuka, na miguuni amevaa viatu vyenyewe. Kwa majuma mawili wateja walimpitia mlangoni.

“Fundi, gundi ya mtu mwenye dhambi ya mauti inashika kweli?”

“Inashika, lakini ukitembea soli inanuka moshi,” mwingine alidakia.

Alicheka nao kwa meno. Moyoni aliapa kwamba jina la nyumba yake halitasomwa tena.

Kisha ikaja Alhamisi ya Kupaa. Walikuwa na mtoto mmoja, wa kike, miezi kumi na moja, ameanza kushika mguu wa cherehani na kujiinua. Alikuwa na tatizo la degedege. Homa ikipanda alikakamaa, macho yakageukia juu. Mara mbili lilikuwa limemshika na mara mbili mama yake alimwokoa. Alimvua nguo, akamlaza ubavu, akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akamkimbiza zahanati huku akisema na manesi kama mwenzao.

Siku hiyo mtoto aliamka ana moto. Mume alikwenda misa ya asubuhi, akarudi akiwa ametimiza yake. Ya jioni ilikuwa zamu ya mke.

“Sitoki,” mke akasema. “Kuuguza ni sababu.”

“Ni sababu kama hakuna mwingine wa kuuguza. Yule mama wa kona si alisomwa? Alisema anamwangalia mama mkwe, katekista akamuuliza, nyumba nzima mko wangapi?”

“Aniandike.”

“Baba mtoto ameshasomwa, sasa na mama mtoto? Watu watasema nyumba hii imelaaniwa. Nenda. Nipo. Mimi ni kiatu?”

Mke alimtazama mtoto, akamtazama mume. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tano na alikuwa anaogopa moto wa jehanamu, si kwa ushairi, kwa kweli, kama mtu anavyoogopa mbwa wa jirani.

“Akikakamaa, mvue nguo. Mlaze ubavu. Kitambaa hiki hapa, maji haya hapa. Halafu zahanati, mbio. Usiningoje.”

“Nimesikia.”

“Rudia.”

“Nimvue, nimlaze ubavu, maji, zahanati.”

“Na usiningoje.”

“Nisikungoje.”

Aliondoka saa kumi na nusu. Saa kumi na moja na robo mtoto alikakamaa.

Mwanamume yule alikuwa ameyashika maneno yote, lakini mikono haikuyashika. Badala ya kumvua alimfunga blanketi, kwa kuwa alimwona anatetemeka na kutetemeka kwa akili yake kulikuwa baridi. Akatoka mbio. Zahanati ilikuwa barabara hiyohiyo ya kanisa, mbele yake kidogo. Ukisimama kwenye ngazi za kanisa unaliona bango lake, hatua mia mbili. Akafika kwenye ngazi za kanisa akasimama.

Alisimama kwa sababu hakujua atawaambia nini manesi. Mkewe ndiye aliyejua dawa ya mara ya kwanza na ya mara ya pili. Alifikiri amwite. Alichungulia mlangoni akamwona, benchi la tatu, amepiga magoti. Kengele ikalia, mageuzo ya mkate na divai. Na hapo ndipo akakumbuka alichofundishwa na katekista tangu akiwa mkatekumeni, akijiandaa kubatizwa, kwamba anayetoka kabla ya komunyo misa yake haijatimia, ni sawa na ambaye hakuja.

Akimtoa sasa, safari yote ni bure. Jumapili atasomwa. Akafikiri, dakika kumi. Akamtazama mtoto ndani ya blanketi. Mtoto alikuwa ametulia. Akashukuru Mungu kwamba ametulia.

Akangoja.

Mke alimwona alipogeuka kutoka altareni, hostia bado haijayeyuka mdomoni. Hakukimbia, kanisani hawakimbii. Alitembea hadi mlangoni, mikono imekunjwa, akafungua blanketi.

“Umesimama hapa tangu lini?”

“Nilikuwa nangoja upokee.”

Hatua mia mbili zile alizikimbia yeye. Nesi hakukaa sana na kile chombo cha kusikilizia kifuani.

Walimzika Ijumaa. Paroko alikuwa na kikao mjini, aliyeongoza maziko ni katekista. Alisema mtoto ni malaika na kwamba mama yake apige moyo konde, kwani lilipotokea alikuwa mahali pazuri.

Jumapili walikwenda misa kama walivyozoea, na nguo za matanga mwilini. Baada ya mahubiri paroko akatoa karatasi kwenye mfuko wa kanzu. Barua ya maaskofu. Akasoma kwamba kwa kuwajali waamini wanaobanwa na kazi, kuanzia mwaka huu huu sikukuu ya Kupaa Bwana imehamishwa kutoka Alhamisi kuja Jumapili, yaani leo. Alhamisi si amri tena.

“Kwa hiyo waliokosa juzi,” paroko akaongeza, akitabasamu, “walale usingizi. Hawakukosa kitu.”

Kanisa likapumua. Muuza nyanya, ambaye Alhamisi alishinda sokoni na alikuwa amekuja ameinamisha shingo akijua atasomwa, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, “Mwaka huu Bwana amepaa mara mbili. Juzi alisahau funguo.” Watu wakacheka chinichini.

Mke wa fundi viatu akasimama. Mwanamke hakuwa akisimama kanisani kumuuliza padre.

“Padre, barua hiyo imefika lini?”

“Jumanne, mama.”

“Jumanne hii?”

“Hii iliyopita. Sikutaka kuvuruga. Kwaya ilikuwa imeshafanya mazoezi, na matangazo ni ya Jumapili.”

“Kwa hiyo Alhamisi haikuwa lazima.”

“Haikuwa lazima. Lakini usijali, mama, hujapoteza kitu. Kutii hakujawahi kumdhuru mtu.”

Paroko hakujua. Waliojua walitazama sakafu. Katekista, aliyejua zaidi ya wote, alifungua daftari lake, akachana ukurasa wa Alhamisi na kuukunja mara nne akautia mfukoni. Mume alimvuta mkewe mkono ili akae. Mkewe aliutazama ule mkono kama kitu kilichoanguka kutoka juu.

“Usinishike, Mlinzi,” akasema.

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Mwaka uliofuata hakwenda Jumapili ya Kupaa. Alikwenda Alhamisi. Kanisa lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na mlinda bustani alimwambia hakuna misa. Alisema anajua. Akakaa kwenye ngazi, pale mumewe aliposimama, kuanzia saa kumi na moja hadi muda wa komunyo, kisha akarudi nyumbani kukata vitambaa. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu watoto wa mtaa walikuwa wameshampa jina, Mama Alhamisi, na wakubwa wakalichukua.

Jumapili nyingine zote alikwenda. Alifunga siku za kufunga. Alishona nguo za altare bila kukosea pindo. Ni hiyo Jumapili moja tu, na katekista hakuivumilia. Alimfuata nyumbani.

“Mama, kukosa Jumapili hii ni dhambi ya mauti.”

“Na Alhamisi?”

“Alhamisi si dhambi sasa.”

“Zamani je?”

“Zamani ilikuwa.”

“Waliokufa zamani nayo, wako wapi?”

Katekista akakohoa. “Hayo ni mafumbo, mama.”

“Nauliza tu. Barua ilikuja huku kwetu. Motoni walipelekewa nakala, au huko watu bado wanaungua kwa kosa ambalo si kosa?”

“Usikufuru.”

“Mimi ni fundi nguo. Nikimpimia mtu leo inchi thelathini na kesho nimwambie thelathini ile ilikuwa ishirini, atanirudishia nguo usoni. Nyinyi mnapima roho kwa utepe wa mpira.”

Fundi viatu alikuwa mlangoni, anasikia. Alitamani kucheka na aliogopa kucheka. Katekista alipotoka alimwambia, “Mke wako atakupeleka pabaya, bwana.” Akajibu kwamba ameshafika. Hakuwa na maneno mengi, lakini hayo aliyasema.

Katekista aliandika tena, mwisho wa daftari, na jina la mama likasomwa kila mwaka mpaka katekista mwenyewe alipokufa. Baada yake usomaji wa majina ukaachwa. Wakasema umepitwa na wakati.

Barua nyingine zilikuja. Sikukuu hii imehamishwa, ile imebaki lakini hailazimishi, ile nyingine inalazimisha isipoangukia siku fulani. Mama Alhamisi alikuwa akizisikiliza huku anatia uzi kwenye sindano.

“Suruali ya marehemu,” alisema siku moja. “Kila anayerithi anakata. Mwisho watabaki na mkanda.”

Mara tatu katika miaka hiyo mume alijaribu kuomba msamaha. Mara ya kwanza mtoto wa pili alipozaliwa. Mke akamwambia amshike mtoto vizuri, kichwa. Mara ya pili alipougua yeye, akidhani atakufa, na mke akamnywesha dawa kwa saa na kumgeuza kila baada ya muda kama mkate, asimjibu. Mara ya tatu alilewa, na hiyo haihesabiki.

Basi Alhamisi ile, kesho ya chai kavu, mama alikwenda. Mvua ilinyesha. Mlinda bustani mpya alimkuta saa kumi na mbili ameegemea mlango wa kanisa, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haufanyi kazi. Wakamrudisha nyumbani kwa mkokoteni. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba kuna kingine njiani.

Jumamosi mkwe, mke wa fundi umeme, akamwita padre. Padre alikuwa kijana, mpole, ana kichupa cha mafuta na kitabu kidogo. Mume akatoka amwache mgonjwa aungame, lakini nyumba ni vyumba viwili, na mama hakushusha sauti.

“Mama, mkweo ameniambia kuna Jumapili huwa huji.”

“Moja kwa mwaka.”

“Miaka mingapi?”

“Arobaini imepita. Kesho ni ya arobaini na moja.”

“Unajutia hilo?”

“Wewe una umri gani, padre?”

“Thelathini na mbili.”

“Basi hujawahi kuiogopa Alhamisi.”

“Mama, sema tu unajuta. Neno moja, tumalize.”

“Nikijutia Jumapili zenu, Alhamisi yenu ataijutia nani?”

Padre alikitazama kichupa mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanuni, na kanuni hiyo alifundishwa na watu waliomzidi. Akakifunga kichupa akasema atarudi kesho, mama atafakari usiku. Mlangoni mkwe alimpita kwa machozi akaingia ndani.

“Mama, mafuta tu jamani. Unakosaje mafuta?”

“Mafuta yapo,” mama akasema. “Angalia kwenye droo ya cherehani.”

Padre alirudi Jumapili jioni, akamkuta hasemi tena. Akampaka bila kumuuliza kitu. Asiyeweza kukataa hupakwa. Alikufa Jumatatu, kabla jua halijapanda, na ngozi yake bado inang'aa yale mafuta.

Lakini asubuhi ile ya Jumapili ulimi ulikuwa haujafungwa. Kengele ya kwanza ilipolia mkwe alikuja ameshavaa, na mumewe nyuma yake anafunga kifungo cha shati.

“Baba, twende. Jirani amesema atakaa na mama.”

“Nendeni.”

“Ni Kupaa, baba. Ni lazima.”

“Nimesema nendeni, mwanangu.”

Wakatazamana, wakaenda. Kengele ya pili ikalia, kisha mtaa ukawa kimya, kila mtu yuko huko. Tangu kubatizwa, ile sikukuu ya viatu vya bwana harusi kando, mzee hakuwa amekosa misa ya lazima hata moja. Akavuta kigoda chake kutoka mlangoni akakiweka karibu na kitanda. Akalowesha kitambaa, akamfuta uso mkewe, shingo, mkono uliokufa na mkono ulio hai. Akamgeuza akamlaza ubavu, kwa kuwa alikuwa anapumua kwa shida.

“Leo sikwenda,” akasema.

“Naona.”

“Nimebaki.”

“Naona, Mlinzi.”

Mzee akakikamua kitambaa ndani ya beseni. Maji yakaacha kutikisika kabla hajasema tena.

“Ningepita. Mlango ule wa kanisa ningeupita tu. Niliogopa watu, nikasema naogopa Mungu.”

 Jicho la kushoto la mama lilikuwa wazi, linamtazama, halina haraka.

“Nimekosa, mama mtoto. Nisamehe. Niambie kama umenisamehe.”

Aliinama amsogezee sikio, kwa kuwa maneno yake siku hizo yalitoka upande mmoja. Mkewe aliukusanya mdomo polepole, akayatoa maneno moja moja, mazima, ili asije akakosea kuyasikia:

“Ngoja, Mlinzi. Labda na hilo watalitolea barua.”